UZI: For Tomorrow ya Blur (1993), ile "la la la" sio furaha kama mnavyodhani

Fundi Redio (mtoa mada):

Wakuu habari za usiku. Huu uzi nimeubeba kichwani muda mrefu sana, kila nikitaka kuuandika najiambia hapa jamvini watu wanaongelea rhumba na bongofleva, nani atahangaika na Waingereza wa 1993. Ila wiki hii nimeurudia huu wimbo kwa hedifoni karibu kila usiku na nimeona niandike tu, atakayesoma asome.

Wimbo ni For Tomorrow wa bendi ya Blur, Britpop ya mwanzo mwanzo kabisa. Ndo unafungua albamu yao ya pili, Modern Life Is Rubbish, iliyotoka Mei 1993. Bendi ni watu wanne, Damon Albarn anaimba, Graham Coxon yuko kwenye gitaa, Alex James besi, Dave Rowntree drams. Watu wengi wakiutaja wanasema ni wimbo wa kuisifia London, wa kuchangamka, wa kwenda kupunga upepo kilimani. Mimi nabisha. Mimi naona ni wimbo wa mtu aliyechoka mpaka tumbo limevurugika, kashika chuma asidondoke, na ile "la la la" ambayo kila mtu anaikumbuka ndo kitu pekee kilichombakisha wima.

Niwape sababu yangu kwanza maana sio ya kwenye vitabu. Mwaka 2006 nilikuwa London nafanya usafi wa maofisi usiku karibu na Liverpool Street. Tunaingia saa nne usiku tunatoka alfajiri, unapanda treni ya Hammersmith & City inakupeleka moja kwa moja mpaka magharibi, chumba changu kilikuwa mitaa ya Latimer Road. Kampuni iliyotuajiri ilikuwa inatukata masaa, umefanya saba unalipwa tano na nusu, ukiuliza unaambiwa njoo wiki ijayo. Ile dawa ya kusafishia vyoo ilikuwa inanikaa kooni mpaka asubuhi. Sasa piga picha, saa kumi na moja na nusu alfajiri, hujala, mkono umeshika ule mpini wa chuma kwenye behewa, treni inayumba, na wewe unapambana usitapike mbele za watu. Na masikioni kuna CD niliyoinunua duka la mitumba kwa peni hamsini, wimbo wa kwanza kabisa unaanza na kijana wa karne ya ishirini, mikono yake imeshika vyuma, anajitahidi asitapike tena, anajishikilia mpaka kesho.

Aisee. Nilihisi mtu kaniona.

Naendelea chini, naombeni msinikate kwanza.

Fundi Redio:

Nyuma ya pazia sasa, maana bila hii huwezi kuelewa kwanini wimbo uko hivyo.

Blur walitoka na albamu ya kwanza 1991, inaitwa Leisure, ikafika namba 7 Uingereza, wakaonekana vijana wa kuuza sura. Afu mambo yakaharibika haraka. Wakajikuta na deni la kama pauni elfu 60. Ili walipe wakapelekwa Marekani 1992, shoo 44, na Marekani ya wakati huo ilikuwa imeshashikwa na Nirvana na wenzao wa Seattle, hakuna aliyekuwa na haja na vijana wanne kutoka Uingereza. Walikunywa, wakapigana wenyewe kwa wenyewe, na Albarn akapatwa na kiu ya nyumbani mbaya kabisa, akawa anasikiliza kaseti ya The Kinks, bendi ya Kiingereza ya miaka ya sitini, ili aisikie Uingereza. Singo yao ya mwaka huo, Popscene, iliishia namba 32 na ilikuwa imetegemewa iwaokoe.

Wakarudi, wakarekodi albamu, wakaipeleka kwa bosi wa lebo yao ya Food, Dave Balfe, naye akasema haina singo, rudini mkaandike. Albarn alikuwa kwa wazazi wake Colchester wakati wa Krismasi 1992, ana hangova ya mkesha, na siku ile ya sikukuu ndo akaandika For Tomorrow. Kwahiyo mtu anayejitahidi asitapike kwenye ubeti wa kwanza, wala hakuhitaji kumtafuta mbali.

Hapo ndo pananigusa. Una deni, umetoka kudhalilika ugenini, kazi yako imekataliwa, kichwa kinapasuka, na siku ya Krismasi unakaa unaandika wimbo unaosema tujishikilie mpaka kesho. Haukuandikwa na mtu aliyekuwa anasherehekea.

Dogo wa Kaseti:

Niko siti ya mbele mkuu. Swali dogo, Britpop yenyewe ni nini hasa? Mimi nilijua Oasis tu.

Fundi Redio:

Mdogo wangu, ni jina walilopewa bendi za gitaa za Uingereza za miaka ya tisini zilizoacha kuiga Marekani zikaanza kuimba mitaa yao, mabasi yao, lafudhi zao. Suede walitangulia kidogo, albamu yao ya kwanza ilitoka Machi 1993 ikaenda namba moja. Oasis walikuja baadaye, 1994. For Tomorrow ilitoka kama singo Aprili 1993 ikafika namba 28, albamu namba 15, yani kwa mauzo wala haikuwa kishindo. Kishindo kilikuja na Parklife mwaka uliofuata. Ndo maana naita hii ya mwanzo mwanzo, wakati bado hakuna aliyejua kama itashika.

Nyuzi Sita:

Mkuu umenikamata hapa. Nimepiga gitaa kwenye bendi ya hoteli miaka kumi na moja, nimeenda kuusikiliza sasa hivi mara nne kabla ya kuandika. Naomba niongelee sauti maana maneno umeyashika wewe.

Kitu cha kwanza, rizimu ni gitaa kavu, linakwanguliwa tu taratibu bila fujo, mtu angeweza kulipiga jikoni. Hilo ndo sakafu. Juu yake besi haikai sehemu moja, inatembea, inapanda na kushuka kama mtu anayezunguka chumbani ana mawazo. Sasa solo, huyo Coxon, sijui niseme vipi, hapigi solo kama sisi tulivyozoea la kupamba na kumwaga vidole. Anauvuta uzi unapinda, noti inateleza pembeni kidogo ya pale ulipoitegemea, inakaa kama imelewa. Ukiondoa gitaa lake wimbo unabaki mzuri, msafi, wa redioni. Yeye ndo anautia kizunguzungu. Nikiunganisha na ulichosema cha tumbo kuvurugika naona kama gitaa ndo hilo tumbo.

Afu zinakuja fidla. Sio fidla za kulia kama kwenye taarabu ambapo fidla inajibizana na mwimbaji, hizi zimepangwa kama ukuta nyuma, zinanyanyuka pale kwenye kiitikio na kina dada wanaoitikia. Nilichokiona ni kwamba beti ziko chini chini, zimebanwa, afu kiitikio kinafunguka ghafla kama umetoka kwenye handaki ukakuta anga.

Prodyuza nani?

Fundi Redio:

Stephen Street. Ndo yule aliyekuwa kwenye kazi za bendi ya The Smiths kabla. Mwanzoni walijaribu na Andy Partridge wa bendi ya XTC, haikwenda, wakarudi kwa Street. Fidla ni za Duke String Quartet. Na mkuu umenifumbua macho kwenye hilo la gitaa kuwa tumbo, miaka yote nimesikia ule mvuto wa noti na sikuwahi kuuita jina.

Na hapo kwenye handaki umegonga penyewe. Ile treni niliyokuwa napanda inapita chini ya ardhi kuanzia katikati ya mji, ukishavuka Paddington inatoka juu, ghafla mwanga, na pembeni unaanza kuona lile barabara kubwa la zege linaloning'inia juu ya nguzo, ndo Westway hilo. Lilifunguliwa 1970, lina urefu wa kama maili mbili na nusu, limepita juu ya mitaa ya watu, madirisha ya ghorofa yanatazamana na magari. Ubeti wa pili wa wimbo unasema tumepotea kwenye Westway. Watu wanasikia jina la barabara tu. Mimi nimeishi chini yake. Usiku ukilala unasikia matairi juu, shwaa, shwaa, halinyamazi. Kupotea kwenye Westway ni kupotea sehemu ambayo huwezi kusimama, huwezi kushuka, huwezi kugeuza, unaona nyumba za watu taa zinawaka na huwezi kuzifikia. Kama mtu angetaka kueleza kuwa na deni na kutojua maisha yanaenda wapi, sijui angepata mfano gani mzuri zaidi wa hapo London.

Bint Pwani:

Kaka zangu mmeandika vizuri ila nyote mmeruka kitu. Ubeti wa kwanza ni wa kijana, sawa. Ubeti wa pili ni wa msichana wa karne ya ishirini na mikono yake iko kwenye usukani. Yeye ndo anaendesha! Na maneno yanasema anajitahidi asimtapishe yule kijana tena, na anaangalia ataazima nini. Yani mwanaume kashika chuma anajihurumia, mwanamke anaendesha gari polepole kwenye kona ili mwenzie asitapike na wakati huohuo anapiga hesabu ya pesa za kukopa. Mimi nimeishi hiyo. Mume wangu alipopoteza kazi mimi ndo nilikuwa naamka kutafuta wa kumkopa elfu ishirini na kurudi nikitabasamu ili asijisikie vibaya. Sasa huyo mtunzi alikuwa na miaka mingapi wakati anaandika?

Fundi Redio:

Dada yangu pole sana, na asante. Alikuwa na miaka 24, kazaliwa Machi 1968. Na ni kweli kabisa, nimeusikiliza huu wimbo kwa miaka karibu ishirini nikijiona mimi kwenye ubeti wa kwanza na yule msichana nilimpita tu kama dereva. Usukani na chuma, wote wameshika kitu, ila mmoja ameshika ili asidondoke na mwingine ameshika ili waende. Afu baada ya kila ubeti maneno yanabadilika kutoka yeye kwenda sisi, tunashikana kwa nguvu. Ndo hapo la la la inaingia.

Na jina "kijana wa karne ya ishirini" ni salamu kwa bendi ya T. Rex, walikuwa na wimbo wa jina hilo 1973. Ila yule wa T. Rex ni jogoo anajitamba. Huyu wa Blur karne imeshazeeka nae, ni 1993, imebaki miaka saba iishe.

Mkaguzi:

Naomba nitoe hoja ya kinyume kwa heshima zote. Hizi bendi zilikuja na bendera. Blur kipindi hichohicho walipiga picha ya matangazo wamevaa mabuti kama wale vijana wa vipara, skinhead, wana lijibwa likubwa, picha ikaitwa British Image 1. Jarida la Select Aprili 1993 lilimweka mwimbaji wa Suede juu ya bendera ya Uingereza na maneno ya kuwaambia Wamarekani warudi kwao. Sisi tulioishi kule tukiwa weusi tunajua yale mabuti yalimaanisha nini mtaani usiku. Sasa utaniambiaje wimbo unaofungua albamu yenye treni ya Mallard kwenye jalada, treni ya mvuke iliyovunja rekodi ya mwendo 1938, sio wimbo wa kuitamani Uingereza ya zamani, ile ambayo mimi na wewe hatukuwemo?

Fundi Redio:

Mkuu hoja yako nimekaa nayo toka jana ndo maana nimechelewa kujibu, sikutaka kukurushia jibu la haraka.

Ile picha ya mabuti na mbwa ilikuwa makosa, walilaumiwa magazetini wakati uleule na mimi nikiiona hata leo moyo unashtuka. Nimefukuzwa na vijana wa namna hiyo mara moja, sitasahau. Na nakubali kwamba jalada na zile nguo zina harufu ya kuitamani nchi ambayo haipo. Kuna nyimbo humo ndani za kuchora Waingereza wadogo wadogo na tabia zao, hizo zinanipita.

Ila nisikilize kuhusu huu mmoja. Utafute humu ndani sifa ya nchi. Hakuna malkia, hakuna ushindi, hakuna enzi. Kuna kijana anataka kutapika, msichana anatafuta cha kuazima, barafu inayopasuka, barabara ya zege. Na kuna mchezo wa sauti ambao nilichelewa sana kuudaka kwa sababu Kiingereza sikuzaliwa nacho. Ubeti wa kwanza anaimba barafu ya London, ubeti wa pili kwenye nafasi ileile anaimba London ni pazuri, na kwa jinsi anavyotamka kwa ile lafudhi ya kuburuza, masikio hayawezi kutenganisha moja na lingine. Barafu na uzuri vinakuwa sauti moja. Mtu anayeisifu nchi yake kwa moyo mweupe hawezi kuandika hivyo. Huyo ni mtu anayependa sehemu inayomuumiza, na hiyo mimi naijua, wewe pia nahisi unaijua, maana tulibaki kule miaka.

Na hata jina la albamu, lile la kusema maisha ya kisasa ni takataka, Albarn alilikuta limechorwa ukutani Bayswater Road. Hakulitoa kwenye kumbukumbu za enzi za babu yake, alilisoma ukutani akipita kama mimi na wewe tulivyokuwa tunapita.

Mkaguzi:

Hilo la barafu sikuwahi kulisikia. Nimelirudia. Ni kweli masikio hayatenganishi. Kuhusu mabuti nabaki na langu, ila wimbo nautoa kwenye kesi.

Nyuzi Sita:

Mtoa mada malizia basi sehemu ya mwisho, ile anapoacha kuimba kawaida anaanza kama kusimulia. Kwenye dansi pale ndo chemko lingeingia, solo linakaza, watu wanasimama. Hapa badala ya chemko wanaleta hadithi! Nimeshangaa.

Fundi Redio:

Ndo penyewe hapo mkuu, nilikuwa napaogopa kupaandika.

Baada ya beti mbili na kiitikio, la la la inaendelea nyuma na yeye juu yake anasimulia. Jim anasimamisha gari, anashuka, anaingia nyumba moja Emperor's Gate, anaenda chumbani. Anawasha tivi. Anaizima. Anachemsha chai. Anasema maisha ya kisasa ni takataka. Hakuna kingine. Emperor's Gate ni mtaa wa kweli kule Kensington, John Lennon aliwahi kukaa hapo 1964, lakini kwenye wimbo hakuna ukubwa wowote, kuna mtu na birika. Kuwasha tivi na kuizima papohapo, mimi nilikuwa nafanya hivyo kila asubuhi nikitoka kazini, nawasha ili chumba kiwe na sauti ya mtu, afu siwezi kuivumilia, nazima, naweka maji ya chai. Wimbo wa bendi kubwa ukataja kitu ambacho nilidhani nafanya mimi peke yangu duniani.

Kisha Susan anaingia. Ana tabasamu zuri. Anasema twende Primrose Hill, kile kilima cha London, kuna upepo na mandhari ni nzuri. Basi. Fidla zinanyanyuka na la la la inarudi, na hiki ndo nilitaka kusema toka mwanzo wa uzi, hakuna tatizo hata moja lililotatuliwa. Deni lipo. Takataka ipo. Kuna mtu mmoja tu kaingia chumbani akasema twende mahali. Ile la la la unaimba kwa sababu maneno yameisha na bado hujafika asubuhi, na inabidi mdomo ufanye kitu. Ndo maana wameifanya rahisi kiasi kile, mtu yeyote anaweza kuidaka, haitaki Kiingereza. Kuna toleo refu la dakika sita na ushee waliloliita la kutembelea Primrose Hill, humo inaendelea na kuendelea, na mimi naipenda hiyo zaidi kwa sababu inakataa kuisha.

Kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu tuliyekuwa tunafanya naye usafi ghorofa moja. Kwenye treni alikuwa anashika mpini uleule nilioshika mimi, umri wa mama yangu, miguu imevimba. Siku moja nikampa kisikilizio kimoja cha sikioni. Hakuelewa neno hata moja, ila ilipofika kiitikio akaanza kuitikia taratibu la la la, sauti ya pili kabisa, ya kwaya ya kanisani, na macho kafumba. Abiria wawili watatu wakageuka. Baada ya hapo kila alfajiri akawa ananiambia, mtoto yangu, leta ule mwimbo yako ya la la.

Jumapili moja tulipolipwa masaa yetu yote baada ya kudai miezi mitatu, nikamwambia mama twende nikuonyeshe mahali. Tukaenda Primrose Hill. Sio mlima, ni kilima, mita sitini na kitu hivi, ila kwake kilikuwa kirefu, tukapumzika mara mbili njiani kwenye mabenchi. Juu upepo ulikuwa mkali kama wimbo unavyosema, kitambaa chake kikataka kuruka nikakidaka. Mji wote uko chini, yale maghorofa ya katikati tunayoyasafisha yanaonekana madogo upande wa kushoto. Akayatafuta kwa kidole. Yetu ni ile? Nikamwambia nadhani ni ile ya pembeni. Akaitazama muda mrefu. Akachota chai kwenye chupa tuliyobeba, akanipa mimi kwanza, mikono yake ilikuwa bado ina zile nyufa za dawa.

Kisha akaniuliza kesho tunaingia saa ngapi. Nikamwambia saa nne usiku, kama kawaida.

Bint Pwani:

Kaka, huyo mama yupo bado?

Fundi Redio:

Yupo dada. Kahamia Birmingham kwa binti yake. Simu yake ukipiga akiwa jikoni anaitikia kwa la la la kabla ya haloo.